Mwenyeji Hupimwa Kwanza

Siku mliyoniaga kwa kustaafu, wakati keki inakatwa na mkurugenzi anatafuta miwani yake ili asome hotuba, mimi nilikuwa naangalia ukuta uliokuwa nyuma yake. Mlikuwa mmebandika rasimu ya bango la uhamasishaji, lile la mazungumzo yetu na wageni kuhusu vinu vidogo vya kuzalisha umeme. Picha nzuri, rangi nzuri, bendera za nchi rafiki zimepangwa chini kama kawaida yetu. Maneno yalikuwa makubwa: NYUKLIA KATIKA KILA NYUMBA. Nilitaka kusema jambo, lakini mtu anayeagwa hapewi nafasi ya kukosoa mapambo, na pilau ilikuwa inapoa. Kwa hiyo nasema kwa maandishi. Mtanivumilia, maana nitaanza mbali.

Mimi sikusomea nyuklia. Nilisomea ufundi wa elektroniki, nikaomba kazi serikalini, nikapangiwa ofisi ambayo mama yangu kule Iringa hakuweza kulitamka jina lake bila kupumzika katikati. Asubuhi ya kwanza nilimkuta Bwana Mkumbo, Mnyiramba mrefu na mpole, mkuu wa mafundi wa vipimo, akipiga pasi koti lake jeupe juu ya meza ya maabara. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaniagiza niende kabatini nikamlete Chiriku.

Nilifikiri ni mtu. Nikafungua kabati, nikakuta kisanduku cha chuma cha rangi ya njano, kina mkanda wa kuning'iniza begani na waya unaoishia kwenye kitu kinene kama gunzi la hindi. Kilikuwa kipima mionzi, msaada kutoka nchi moja ya Ulaya, na maandishi yake yote yalikuwa ya lugha ambayo ofisi nzima hakuna aliyeijua. Kikikuta mionzi hulia, tik, tik, na kikikuta mionzi mingi hulia mfululizo. Ndiyo maana wakakipa jina la yule ndege asiyejua kufunga mdomo.

Bwana Mkumbo alinisogezea kopo lenye jiwe la madini ya urani, akasema, "Pima." Nikalisogeza gunzi kwenye kopo, Chiriku akalia kwa fujo, nikaruka nyuma, nikamwambia kwa fahari ya mgeni kazini kwamba jiwe lina mionzi.

"Na meza inasemaje?" akaniuliza.

Sikuwa nimeipima meza.

"Na ukuta? Na viatu vyako?" Akaweka pasi pembeni. "Binti yangu, mwenyeji hupimwa kwanza. Mionzi kidogo iko kila mahali, kwenye udongo, kwenye tofali, kwenye ndizi uliyokula asubuhi. Usipojua nyumba inasemaje siku zote, hutajua mgeni amesema nini."

Siku ile yote nilipima wenyeji. Nilipima ukuta, uwanja, chupa ya chai, kiti cha mhasibu na mhasibu mwenyewe, ambaye hakufurahi. Niliona ni kazi ya kunichezea kwa sababu mimi ni mgeni na, zaidi ya hapo, mwanamke pekee. Nilikosea. Katika yote niliyofundishwa baadaye na watu wenye shahada ndefu, sikupewa kitu kilichonisaidia kuliko hicho.

Miaka ya mwanzo tulizunguka hospitalini kukagua vyumba vya eksirei na kwa wakandarasi wa barabara kukagua vile vifaa vyao vya kupimia ushindiliaji wa udongo. Mafunzo ya vitendo ni haya: futa vumbi kabla ya kuwasha, maana vumbi la Dodoma huingia hata kwenye bahasha iliyobandikwa. Jaribu betri ukiwa ofisini, usijaribu ukiwa Gulwe, ambako kituo cha treni kipo lakini betri unayoitaka haipo. Na usikae chumba kimoja na mkandarasi anayekuambia kifaa chake ni salama na huku yeye amesimama mlangoni.

Baadaye nikapelekwa nje kwa mafunzo, katika mpango wa ushirikiano wa matumizi ya amani ya nyuklia. Darasa letu lilikuwa na Mmongolia, Mperu, Mghana na wengine, wote tumevaa makoti ndani ya nyumba. Wikendi tulipika ugali wa unga wa ngano uliokataa kushikana, Mmongolia akausifu kwa adabu. Mwishoni walitupeleka kuona kinu kidogo cha utafiti. Unasimama juu, unachungulia kwenye bwawa la maji safi kabisa, na chini kabisa pana mwanga wa buluu uliotulia tuli. Nilisahau kupiga picha. Nilijisikia kama niko kanisani, na sioni aibu kulisema.

Niliporudi nikamsimulia mama kwamba nimeona kinu cha nyuklia. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kinatwanga nini?" Tukacheka sana. Lakini swali lilikuwa zuri, maana kinu anachokijua yeye ndicho kinu, na sisi ndio tuliokwenda kuliazima jina lake bila kumwambia. Kuanzia hapo nikaanza kushuku kwamba sehemu ngumu ya kazi yetu haiko kwenye mashine.

Bwana Mkumbo alistaafu, tukamzika miaka michache baadaye kwao Kiomboi. Chiriku akahamishiwa stoo, kwa sababu tulipata vipimaji vipya vyenye kioo na tarakimu, vidogo, vya kimya. Mimi niliendelea kumtoa kila mara nikasafiri naye nyuma ya gari. Vijana mlikuwa mnasema mama ana mzimu wake. Sawa.

Sasa nije kwenye kisima.

Tulikuwa na mradi wa pamoja na wageni wa kujua umri wa maji ya ardhini katika uwanda huu wa kati. Kwa msiojua: mvua inaponyesha inashuka na alama ndogo sana za mionzi ya asili, na alama hizo hupungua kadiri maji yanavyokaa chini ya ardhi. Ukichota maji kisimani ukapima kilichobaki, unajua maji hayo yameishi gizani muda gani. Ni jambo kubwa kwa nchi kavu kama hii, kwa sababu maji ya zamani sana yakitumika hovyo hayarudi upesi. Angalieni lakini: katika kazi hiyo yote hatuweki kitu kisimani. Tunachota chupa chache, tunaondoka.

Mtaalamu aliyekuja alikuwa Daktari Ilona, Mhungari mwembamba, mchapakazi, anayekula mlenda bila kukunja uso. Tulichota maji katika kijiji kimoja upande wa Bahi, ambacho sitakitaja, na vipimo vya maabara vikaonyesha maji ni safi kwa kila namna. Kisha, kama masharti ya mradi yalivyotaka, likasimamishwa bango kisimani. Aliyeandika maneno yake alikaa mbali na kisima na mbali na Dodoma, akatafsiri kutoka Kiingereza akiwa na haraka zake. Bango lilikuwa na ile alama ya atomu, mayai matatu yaliyopishana, bendera mbili, na maneno haya: MRADI WA NYUKLIA KATIKA MAJI YA KISIMA.

Miezi ikapita. Siku moja mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu. Hakunisalimu. Alisema, "Mama, njooni mtoe nyuklia yenu."

Watu walikuwa wamesoma bango. Walilisoma sawasawa, neno kwa neno. Wakaacha kisima, wakakizungushia miiba kama zizi, wakarudi kuchimba mchanga wa korongo na kuchota maji yanayonywewa na ng'ombe. Watoto wakaanza kuhara. Niliomba gari siku hiyohiyo. Gari lilikuwa na kibali lakini halina mafuta, kisha likawa na mafuta lakini dereva yuko msibani. Mnaijua ofisi yetu. Tulipoondoka, mimi na Daktari Ilona, ilikuwa tayari wiki nyingine.

Tuliwakuta watu wamekaa nje ya ofisi ya kijiji. Nikasalimu kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi." Wachache wakaitikia. Kisha sauti ya mwanamke ikasema kutoka kwenye benchi la mbele, "Huyo Mhehe. Fungeni mbwa."

Watu wakacheka kidogo. Sisi Wahehe na Wagogo ni watani, wao hudai tunakula mbwa, na hiyo ndiyo salamu yetu. Nikajibu, "Msihangaike, leo nimekula nyumbani."

Aliyesema alikuwa Mwalimu Veronika, mwanamke wa makamo asiyeona tangu utotoni. Alisoma Buigiri, kwenye shule ya wasioona, akarudi kwao kufundisha kwaya ya Kianglikana, na alikuwa mjumbe wa kamati ya maji kwa sababu, kama alivyoniambia mwenyewe baadaye, ni yeye tu aliyeweza kujua kwa kusikia tu kwamba pampu inakaribia kuharibika. Alipiga benchi kwa kiganja nikae karibu naye. Nilipokaa akasema, taratibu, bila utani sasa, "Tumezika juzi. Mjukuu wangu, Elia. Dada yake Neema yuko zahanati na dripu."

Nilimpa pole. Nilimshika mkono nikabaki nimeushika.

Kikao kikaanza. Daktari Ilona akatoa karatasi za maabara, mimi nikatafsiri. Karatasi zilikuwa za kweli, zenye mihuri miwili. Mzee mmoja akasema hata bango lilikuwa na mihuri. Daktari akatoa kipimaji chake kipya, akakiwasha, akawazungushia waone tarakimu. Kijana akasema ni simu. Mwalimu Veronika akauliza, "Inasemaje?"

"Haisemi, Mwalimu. Inaonyesha."

"Basi mimi haijaniambia kitu."

Nikaenda kwenye gari, nikarudi na Chiriku.

Niliwaambia kitu kimoja tu: sitaanzia kisimani. Nitapima wenyeji kwanza, nanyi mtasikiliza. Nikamwomba Mwalimu ashike bega langu, kijiji kikatufuata. Tukapima benchi la ofisi. Tik, kimya, tik. Tukapima darasa, duka, mlango wa kanisa. Kila mahali Chiriku alisema maneno yaleyale machache, na nilisikia watu nyuma yangu wakianza kuzungumza mambo mengine, jambo ambalo ni dalili njema.

Halafu tukafika kwenye mwamba. Ni mwamba mpana, laini, nyuma ya nyumba za kanisa, ambapo wanawake huanika mlenda na mtama. Chiriku akaanza kulia kwa kasi. Mazungumzo yakakatika. Mama mmoja alimnyakua mtoto wake aliyekuwa amekaa pale juu.

Daktari Ilona akaninong'oneza nipunguze sauti ya mashine.

"Nikimziba mdomo hapa," nikamwambia, "kule kisimani hakuna atakayemsikia."

Nikawageukia watu. Nikawaeleza kwamba miamba ya huku kwetu ina mionzi kidogo zaidi ya udongo, ndivyo ilivyoumbwa, na kiasi hicho hakimdhuru mtu. Walikuwa wananitazama kama mtu anayejitetea. Kusema kweli niliogopa. Niliona kisima kinanitoka mikononi pale pale, na nikamfikiria yule mtoto wa zahanati.

"Tangu lini?" akauliza Mwalimu Veronika.

"Tangu mwamba uwe mwamba."

"Bibi yangu alikuwa analala hapa kila msimu akilinda mtama wake na ndege."

"Alikufa kwa nini?"

Akafikiri. "Uzee. Na ubishi."

Watu wakacheka, safari hii kwa kicheko kamili, na yule mama akamweka mtoto chini. Mtani wangu alinivusha hapo, na ninamshukuru mpaka leo.

Kisimani mwenyekiti mwenyewe aliondoa miiba. Nikaweka gunzi kwenye zege, kwenye bomba la pampu, juu ya ndoo iliyojaa maji. Tik. Kimya. Tik, tik. Mwalimu akanyoosha mkono watu wakanyamaza, akainamisha kichwa kama anavyofanya, nadhani, anapomtafuta mwanakwaya aliyetoka nje ya sauti. Akaniambia turudi kwenye mlango wa kanisa. Tukarudi. Kisha kisimani tena. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyelalamika.

"Kisima na mlango wa kanisa ni sauti moja," akasema mwishowe kwa Kigogo, na mwenyekiti akarudia kwa sauti ili wa nyuma wasikie. "Mwamba ndio mmbea. Kisima hakina neno."

Hapo nikamwambia Mwalimu ukweli uliobaki, kwa sababu ningeuacha ningekuwa sina tofauti na bango. Nilimwambia Chiriku hasikii kila kilichomo ndani ya maji, mengine husikiwa na mashine kubwa za maabara, na hizo ndizo zilizoandika zile karatasi. Chiriku anachoweza kuapa ni kwamba hakuna mtu aliyekuja kuongeza kitu hapa.

"Kwa hiyo bango lilisema uongo?"

"Lilisema vibaya. Sisi tulichota maji tukayapime kwa njia ya nyuklia. Hatukutia nyuklia kwenye maji."

"Lakini limeandikwa 'katika'. Mwenyekiti alinisomea."

"Limeandikwa 'katika'."

"Na katika ni ndani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa hiyo Elia," akasema, na hakumalizia. Nililia pale mbele ya watu, mtumishi wa serikali mwenye kitambulisho shingoni, na sikuwa na haja ya kujificha. Maji yalikuwa safi muda wote. Mtoto alikufa akiwa na maji safi mbele ya mlango wao.

"Nipeni ndoo," akasema Mwalimu Veronika. Akapiga pampu mwenyewe, akachota kwa kiganja akanywa, akanawa uso. Akanikabidhi mimi, nikanywa. Daktari Ilona akanywa. Kisha mama wa yule mtoto wa mwambani akaja na dumu lake, na nyuma yake foleni ikaanza kujipanga yenyewe, na mabishano ya nani alifika kwanza, kama kwenye kisima chochote.

Jioni Daktari aliniuliza neno gani lilikuwa limekosewa. Nikamwambia. Akauliza, "Neno moja?" Nikasema ndiyo, moja, na wala silo gumu. Hakula usiku ule. Asubuhi alinunua rangi dukani, akafuta bango kwa mikono yake, na Mwalimu Veronika akamtamkia la kuandika, mimi nikimwelekeza herufi. Lilisomeka hivi: TUNAULIZA MAJI HAYA UMRI WAKE. HATUWEKI KITU. Makao makuu walilalamika kwamba halifuati kiolezo. Bado liko pale.

Neema alitoka zahanati wiki ileile. Majibu ya umri yalipokuja niliyapeleka mwenyewe: maji yale ni mvua ya zamani sana, iliyonyesha kabla ya babu za babu zao, kwa hiyo wasifungulie kila mwenye ng'ombe elfu. Wakaweka utaratibu, na wanaugombania hadi leo, ambayo ndiyo namna ya utaratibu kuishi.

Wageni wengine wengi wamekuja baada ya hapo, wengi wao watu wema. Ushirikiano wa kimataifa kwenye karatasi ni sahihi mbili na picha ya kupeana mikono. Kazini ni mtu wa nchi ya mbali kukubali kushika brashi akaandika upya. Mimi nauamini umeme wa nyuklia. Nimeona ule mwanga wa buluu, na nimeona jiji hili linavyokua na taa zake zinavyokatika, hata huku kwetu Chang'ombe ya Dodoma ambako naandika haya kwa tochi ya simu. Mkijenga, jengeni. Chiriku nimewaachia stoo, rafu ya chini, betri nimezitoa zisivuje.

Lakini kuhusu bango lenu. Niliporudi nyumbani kutoka kwenye sherehe nilimpigia Mwalimu Veronika. Alinipongeza kwa kustaafu, akauliza kama Wahehe wakishastaafu wanarudishiwa mbwa wao. Nikamwambia kuna jambo la kazi. Nikamsomea maneno yenu kama yalivyo, bila kuongeza langu: nyuklia katika kila nyumba.

Akayarudia polepole, neno moja moja.

"Sasa, Mhehe," akasema, "watoto watalala wapi?"

Sikucheka, maana hakuwa anatania.